Somo: Jinsi ya kulinda figo ukifanya kazi juani

Mwezi wa pili Dar, saa saba mchana, fundi yuko juu anamwaga zege. Tangu asubuhi kanywa chai kikombe kimoja na soda. Jioni kiuno kinambana, anapita duka la dawa kuchukua diklofenaki. Kesho hivyo hivyo. Nimewahudumia wengi wa namna hii, na wote huniambia, "Nesi, ni uchovu tu."

Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Joto likizidi, damu hukimbilia kwenye ngozi ili kuupoza mwili, jasho linamaliza maji, figo zinabaki na damu kidogo na kubana kila tone la maji. Siku moja haina neno. Hatari ni misimu kwa misimu. Kule El Salvador na Nicaragua wakata miwa wamekufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa figo, wengi wao vijana wasio na kisukari wala presha.

Hatua ya 1: Tazama mkojo, asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Ukiwa wa manjano hafifu, endelea na kazi. Ukikolea kama chai ya rangi, umeshachelewa kunywa. Ukiwa wa kahawia kama kola baada ya kazi nzito, na misuli inauma, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. (Ukimeza vitamini B mkojo huwa wa njano kali, usishtuke.)

Hatua ya 2: Kunywa kidogo kidogo. Robo lita kila dakika 15 hadi 20, hata kama kiu haijauma. Beba dumu lako, la pamoja huisha saa nne. Lakini usizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana chumvi ya damu hushuka na mtu huanguka. Chakula cha mchana usikiruke, chumvi inarudi humo.

Hatua ya 3: Kazi nzito ifanywe alfajiri. Oman, ambako ndugu zetu wengi wapo, kazi za nje juani zinakatazwa saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Huku kwetu mwombeni msimamizi walau turubai. Kivuli hakimpotezei chochote. Mtu aliyezimia ndiye anayesimamisha kazi.

Hatua ya 4: Achana na diklofenaki na ibuprofeni ukiwa umekaukiwa maji. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Figo iliyopungukiwa damu hutanua mshipa wake ili ipate chochote, na dawa hizi huzuia kutanuka huko. Ni kama bomba lenye maji ya kuchuruzika, halafu mtu anakuja kulikanyaga. Kunywa maji kwanza, pumzika. Maumivu yakibaki, parasetamoli kwa kipimo chake.

Hatua ya 5: Pima kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja vipi) na protini ya mkojo, walau mara moja kwa mwaka. Figo hazilalamiki mapema. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi sehemu kubwa imeshakwenda.

MASWALI YA WANACHAMA

Nesi, mimi bodaboda. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu si vina maji?
Vina maji, kaka, na sukari tele juu yake. Ukiwa umekauka, sukari hiyo inaibebesha figo mzigo mwingine. Kunywa maji, dafu moja moja si mbaya.

Nafagia barabara, choo hakuna. Nikinywa maji nitajisaidia wapi?
Pole, mama. Wengi hujinyima hivyo, wakaishia na maambukizi ya njia ya mkojo juu ya kukaukiwa maji. Zungumza na mama ntilie au msikiti ulio njiani kwako, kunywa kabla ya kupita hapo. Na choo mdai mkandarasi, mkiwa kundi.

Mwanangu, natumia dawa za presha, ile ya kukojoza. Niache wakati wa joto?
Shikamoo mzee. Usiiache mwenyewe. Ila ukiharisha, ukitapika au ukiona kizunguzungu ukisimama, nenda kliniki siku hiyo na pakiti zako zote mkononi, hata zile ulizonunua dukani.