Kabla Hujagusa Mipangilio ya Kivinjari

Ukurasa ukichelewa kufunguka, mkono hukimbilia mipangilio ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox. Mtu anazima hiki, anawasha kile, anafuta kila kinachofutika, na baada ya saa nzima hajui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Nimeshuhudia mtu akipoteza manenosiri aliyoyakusanya kwa miaka kwa namna hiyo, na kurasa zikabaki nzito vilevile. Ndiyo maana nakuomba uyapitie haya kwanza.

Anza kwa kutafuta uzito unakotoka. Fungua tovuti tatu au nne zisizohusiana. Ikisuasua moja tu, shida iko kwenye tovuti hiyo na hakuna mpangilio wako utakaoitibu. Zikisuasua zote, chukua kifaa kingine kilichounganishwa na mtandao uleule; nacho kikisuasua, mwache kivinjari apumzike, ukaangalie ruta au kampuni inayokupa intaneti. Unapopima spidi, usiridhike na namba ya upakuaji. Tazama pia muda wa ombi kwenda na jibu kurudi, ule unaopimwa kwa milisekunde. Ukurasa mmoja huita faili nyingi ndogondogo, na nyingine haziwezi kuitwa mpaka za kwanza zimeshafika. Kwa hiyo intaneti yenye upakuaji mkubwa lakini inayochelewa kujibu bado itakuchosha.

Ukishajua kwamba shida iko kwenye kivinjari, fungua ukurasa uleule katika dirisha fiche, lile la faragha lisilohifadhi historia (incognito). Humo viendelezi, yaani programu ndogo ulizoziongeza kwenye kivinjari (extensions), kwa kawaida havifanyi kazi mpaka uviruhusu mwenyewe, na akiba ya nakala za kurasa (cache) huanza tupu. Ukurasa ukifunguka upesi zaidi huko, viendelezi ndio washukiwa wa kwanza. Vizime vyote, kisha urudishe kimoja kimoja. Kizuia matangazo usikihukumu haraka: nacho hula nguvu kidogo, lakini mara nyingi huokoa muda kwa kuzuia faili nyingi zisipakuliwe kabisa.

Sasa akiba, ambayo watu wengi huielewa kinyume. Kivinjari huweka nakala za picha, maandishi ya mtindo na misimbo ya kurasa ulizotembelea ili kesho kisizipakue upya. Ukiifuta, umekilazimisha kivinjari kuanza mwanzo, na ziara ya kwanza kwenye kila tovuti itakuwa nzito kuliko jana. Kuifuta kuna maana pale ukurasa unapoonekana umeharibika, unapoonyesha mambo ya zamani, au diski inapokaribia kujaa. Hata hapo, soma kwa makini dirisha la kufutia, kwa sababu akiba, vidakuzi (faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti, yaani cookies) na manenosiri hukaa jirani. Ukigusa vidakuzi, utatolewa kwenye akaunti zako. Na kama umewasha usawazishaji, unaofananisha data kwenye vifaa vyako vyote (sync), nenosiri ulilolifuta kwenye kompyuta linaweza kutoweka kwenye simu pia.

Kwa hiyo, hamisha kwanza alamisho zako, yaani orodha ya kurasa ulizozihifadhi (bookmarks), ziwe faili unayoiweka pembeni. Manenosiri nayo huhamishika, lakini faili yake huwa maandishi matupu ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Iweke mahali salama, na ukishamaliza kazi uifute. Kisha chukua karatasi. Kila unachobadilisha, andika kilivyokuwa na ulivyokiweka. Badilisha kimoja, funga kivinjari, kifungue, pima kurasa zilezile mara tatu, ndipo uende kwenye kingine. Ni kazi ya subira, lakini sijaona njia nyingine ya kujua ukweli.

Angalia pia umri wa ushauri unaoufuata. Bado yapo maelekezo yanayomtaka mtumiaji wa Firefox aingie about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, na kuwasha pipelining, yaani kutuma maombi kadhaa mfululizo bila kusubiri majibu, au kuongeza idadi ya miunganisho kwa kila seva. Pipelining iliondolewa kwenye Firefox mwaka 2017. Miunganisho nayo ilikuwa na uzito enzi za HTTP/1.1, toleo la zamani la kanuni ambazo kivinjari na seva huwasiliana kwazo, wakati vivinjari vilifungua kwa kawaida miunganisho 6 kwa kila seva. HTTP/2, iliyotoka 2015, hupitisha maombi mengi kwa pamoja ndani ya muunganisho mmoja, na HTTP/3 ya 2022 ikaendeleza kazi hiyo. Namba uliyoikuza inaweza isiguse kabisa tovuti nyingi unazozitembelea. Kusasisha kivinjari kutakufaa zaidi kuliko mbinu hizo za zamani.

Vichupo navyo, yaani kurasa ulizozifungua kwa pamoja (tabs), vihesabu. Kumbukumbu ya kompyuta ikijaa, mfumo huanza kutumia diski, na hapo kila kitu hukokota. Chrome na Edge zina mpangilio wa kulaza vichupo visivyotumika. Uwashe, ila tovuti yenye fomu unayoendelea kuijaza uiweke kwenye orodha ya zisizolazwa.

Kubadilisha DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba, kwa mfano kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8, husaidia tu pale kutafuta anwani ya tovuti kunapochelewa. Kwenye mtandao wa ofisi, muulize kwanza msimamizi, maana tovuti za ndani zinaweza zisipatikane tena.

Kitufe cha kurejesha kivinjari katika hali yake ya mwanzo kiache kiwe cha mwisho, na ujue kinachoondoka. Chrome huzima viendelezi na kufuta vidakuzi, lakini huacha alamisho na manenosiri. Firefox huondoa viendelezi pamoja na mabadiliko yote ya about:config, kisha kwenye kompyuta huweka data ya zamani katika folda inayoitwa Old Firefox Data. Usiifute folda hiyo mpaka umetumia kivinjari siku kadhaa na kuhakikisha hakuna unachokikosa.