Mbona transfoma ya 12V inakupa volti 16? Tuunge rektifaya ya daiodi nne tupime hatua kwa hatua

Swali hili naulizwa sana, mtu ameunga rektifaya (saketi ya kugeuza AC, umeme unaogeukageuka, kuwa DC, umeme wa upande mmoja) vizuri tu, akipima anaona volti 15 au 16 anadhani transfoma mbovu. Sio mbovu. Ukipima kila hatua utaona zinapotoka.

Unahitaji transfoma ya kushusha hadi 12V AC yenye fyuzi upande wa umeme mkubwa, daiodi nne za 1N4007 (zinapitisha umeme upande mmoja tu, zinabeba ampea 1), kapasita ya kuhifadhi chaji ya 2200 µF ya 25V, rezista ya kilo-om 2.2 na mita. Upande wa umeme mkubwa ufunike kabisa kabla ya yote, na kila ukitaka kugusa kitu chomoa plagi kwanza.

Hatua ya 1: pima daiodi. Weka mita kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu upande usio na mstari, mweusi upande wenye mstari, isome kati ya 0.5 na 0.7. Geuza, isipitishe kitu. Ikipitisha kote kote hiyo imekufa, tupa, maana daiodi moja ikishoti inaunguza na wenzake.

Hatua ya 2: unga daraja. Chukua mbili uunganishe ncha zenye mstari, hapo ndo chanya. Mbili zilizobaki unganisha ncha zisizo na mstari, hapo ndo hasi. Sasa umebaki na ncha nne huru, kila moja ya kundi la kwanza iunge na moja ya kundi la pili, unapata maungio mawili na hapo ndo zinaingia waya za transfoma, yoyote popote. Umeme ukija upande huu zinapitisha daiodi mbili, ukigeuka zinapitisha zile nyingine mbili, lakini kutoka unatoka kwenye chanya ileile, ndo siri yote ya rektifaya.

Hatua ya 3: washa bila kapasita. Weka rezista kati ya chanya na hasi, pima DC. Utaona kama 9.5 hivi. Hii ni DC tayari kwa maana haigeuki, ila inakuja kwa nundu nundu, 100 kila sekunde kama umeme wenu ni wa 50 Hz, na mita inakupa wastani wake.

Hatua ya 4: kapasita. Zima. Upande wenye mstari wa kapasita ni hasi, angalia mara mbili, mimi niliwahi kuigeuza ikavimba kichwani alafu ikapasuka na nilikuwa nimeinamia karibu, tangu hapo nawasha nikiwa nimegeuza uso. Ukipima sasa unaona karibu 16. Ile 12 ya transfoma sio kilele, kilele ni 12 × 1.414 yaani 17, toa 1.4 zinazoliwa na daiodi mbili zinabaki 15.6, na kapasita inajaa mpaka kileleni. Transfoma isiyo na mzigo (kifaa kinachotumia umeme wake) huwa inatoa na zaidi ya ilichoandikiwa, kwa hiyo kapasita ya 16V usithubutu. Rezista iache hapohapo, ukizima inaimaliza chaji ndani ya nusu dakika.

Hatua ya 5: weka mzigo. Hapa ndo wengi wanakwama. Mzigo wa nusu ampea unanyonya kapasita kati ya nundu na nundu, volti zinashuka kama 2.3, yaani kutoka 15.6 mpaka 13.3 alafu zinapanda tena. Ukifunga 7812 (kidhibiti cha volti) ili upate 12 safi, yenyewe inataka iingie kama 14 hivi, kwa hiyo kila nundu inakosa kidogo na kama mzigo ni amplifaya, spika inavuma mmmm. Watu wanabadilisha 7812 tatu nne na mvumo upo palepale! Badilisha kapasita, weka 4700 µF, kushuka kunabaki kama volti 1 na mvumo unakata.