Somo: Kupima kompteri ya motoka kwa GPS, na kujua tofauti inatoka wapi

Kompteri, yaani kipima mwendo cha dashibodi, inaonyesha 80, simu yenye GPS iliyo kwenye kioo inasema 76. Anayedanganya karibu kila mara ni kompteri, na ametumwa na kiwanda. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inaikataza kompteri kuonyesha chini ya mwendo wa kweli hata kidogo, lakini inairuhusu kuzidisha kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo huo na kilometa 4 juu yake. Motoka ikienda 80 za kweli, mshale unaweza kusimama popote kati ya 80 na 92 na hakuna wa kuulaumu. Kwa hiyo usimkimbilie fundi kwa sababu ya tofauti peke yake. Angalia umbo lake kwanza, maana kila sababu ina umbo lake.

GPS haina habari na tairi. Simu inasikiliza mawimbi ya setilaiti zilizo juu kilometa kama 20,200 na kupima jinsi mwendo wako unavyoyabana au kuyavuta, kama honi ya treni inavyobadilika sauti inapokupita. Mahali pa wazi, kwa mwendo usiobadilika, kosa lake kwa kawaida halifiki kilometa 1 kwa saa. Kompteri yenyewe inahesabu mizunguko tu, ikiamini tairi ni zile zile za kiwandani.

1. Anza na tairi. Soma kipimo ubavuni, mfano 195/65R15, ukilinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Motoka za Japani zina kibandiko cha Kijapani, lakini namba zinasomeka: 220 kPa ni baa 2.2. Jaza upepo tairi zikiwa baridi.

2. Bandika simu kwenye kioo cha mbele, zima hali ya kuokoa betri, weka programu inayoonyesha mwendo kwa kilometa, ikiwezekana na desimali moja. Intaneti si lazima kwa kupima. Inaisaidia tu simu kuzipata setilaiti haraka. Bila intaneti, subiri dakika kadhaa kabla ya kuondoka.

3. Chagua kipande kilichonyooka, tambarare, chenye mbingu wazi. Kwetu Lubumbashi, barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, asubuhi kabla ya malori kujaa, inafaa. Katikati ya mji, chini ya mijakaranda, utapima majani.

4. Muwe wawili. Dereva anashika mshale kwenye 40 kwa sekunde 15, anasema "sasa", mwenzake anasoma simu na kuandika. Mwenzake asisome mshale: akiutazama kwa upande, ataona kilometa mbili tatu zisizokuwepo. Rudieni kwenye 60 na 80, mara tatu kila mwendo, na msizidi mwendo unaoruhusiwa pale. Sekunde 15 zina sababu: simu nyingi hupata mwendo mpya mara moja kwa sekunde, kisha hulainisha namba, kwa hiyo ukiwa unaongeza mwendo simu inabaki nyuma.

5. Someni umbo. Mshale 40, 60, 80 na simu 38, 57, 76: tofauti inakua pamoja na mwendo. Hiyo ni ziada ya kiwanda au tairi. Simu ikisema 36, 56, 76, tofauti ni 4 kila mahali: mshale umekaa vibaya kwenye mhimili wake, na mara nyingi ni kwa sababu dashibodi ilifunguliwa na mshale ukarudishwa kwa kukisia. Namba zikiruka ovyo huku mguu umetulia, kagua sensa (kihisi) ya mwendo au waya wake.

6. Hatua hii wengi wanaiacha, nayo ndiyo inayotenganisha kiwanda na tairi. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, washa urekodi wa njia kwenye simu, uende kilometa 20 bila kusimama. Kiwanda huzidisha mshale, lakini kihesabu cha kilometa kwa kawaida hakiongezewi kitu. Mshale ukizidi kwa asilimia 5 na kihesabu kikapatana na simu, hiyo ni ziada ya kiwanda, iache. Kihesabu kikisema 20.0 na simu 21.0, tairi ni kubwa kuliko zilizokusudiwa. Mfano: 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634, 205/70R15 ina 668, zaidi ya asilimia 5. Tairi iliyoisha huenda upande mwingine: meno yakishuka kutoka milimita 8 hadi 1.6, kipenyo kinapungua karibu milimita 13, na mshale unazidi kwa asilimia 2 hivi.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mtaa wake wa Lubumbashi)

*Katuba:* Papa mwalimu, kwenye mlima GPS haikosei? Inapima mwendo wa bapa tu, kama kwenye ramani.

Inakosea kidogo sana. Hata kama kifaa kinapima mwendo wa bapa peke yake, kwenye mteremko wa asilimia 10 kinapoteza nusu ya asilimia: kwenye 80 ni kama nusu kilometa. Kona kali na miti vinaharibu zaidi.

*Ruashi:* Motoka yangu imetoka Uingereza. GPS 80, mshale 50. Sensa imekufa?

Haijafa, mama. Hizo ni maili. Zidisha kwa 1.609, utapata 80.

*Kampemba:* Ninaendesha pikapu ya kampuni. Mshale wangu haukupita 80, kifuatiliaji cha bosi kimeandika 84. Nani ana haki?

Kama 84 ilidumu dakika nzima mahali pa wazi, amini kifuatiliaji. Kama ni nukta moja tu iliyoruka, omba uonyeshwe zilizotangulia na zilizofuata. Kisha pima tairi. Tuseme kiwanda kilizidisha asilimia 4 na tairi zako ni kubwa kwa 5: mshale wa 80 unakuwa 81 hivi za kweli. Kufika 84 kunadai tairi kubwa zaidi, au gia za ekseli zilizobadilishwa bila kompteri kurekebishwa. Mpaka ijulikane, shika 75.

*Kamalondo:* Nimechomeka kisomaji kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani. Kinasema 77, mshale 80, simu 76. Tatu tofauti!

Zinapatana vizuri tu. Kisomaji kinaleta namba ya kompyuta ya motoka, mara nyingi kabla dashibodi haijaongeza ziada yake. Ile kilometa 1 iliyobaki inaweza kuwa tairi zilizoanza kuisha. Pima kina cha meno.

*Kenya (ya hapa Lubumbashi, si ya Nairobi):* Nimesimama kwenye taa, simu inasema 2. Nibadilishe simu?

Hapana, kaka. Mawimbi yanadunda kwenye kuta na simu inadhani umesogea. Programu nyingi huficha namba hizo ndogo kwa kuandika sifuri, yako haifichi.