Dada unayeanza kazi ya programu, hakikisha kazi yako ina jina lako

Mdogo wangu, kitu cha kwanza ukiajiriwa angalia jina lako kwenye Git, ile programu inayotunza historia ya kodi na nani kaandika nini. Mimi ofisi yangu ya kwanza nilipewa laptopu aliyoiacha kaka mmoja, miezi mitatu napiga kazi kumbe kila nikihifadhi inaingia kwa jina lake, siku ya kikao bosi kafungua historia kwenye skrini anamsifia yeye, aisee nilipanda daladala mpaka Mbagala machozi yananitoka.

Kwa hiyo andika git config user.name uone linatoka jina gani, kama sio lako badilisha, na user.email pia, halafu ukimaliza kazi ya kwanza piga git log, inakuonyesha hiyo historia, uhakikishe. Dakika mbili tu.

Vikaoni usikubali kila siku wewe ndo uandike muhtasari, sema kwa heshima "kaka, leo zamu yako", ili na wewe upate nafasi ya kueleza ulichotengeneza. Mtu akikwambia hii fani ya wanaume mtajie Grace Hopper, mwanamama wa Marekani, kompaila yake ya A-0 (programu ya kugeuza maelekezo kuwa lugha ya kompyuta) ni ya 1952.

Na bando likiisha usisimame, Git inatunza kila kitu kwenye laptopu, utapandisha ukifika penye waifai.