Sauti inachelewa au inakatakata kwenye Windows? Anza na draiva
Ukiimba kwenye maiki alafu sauti inakurudia kwa hedifoni imechelewa, au muziki unakwaruza wakati CPU wala haijachoka, usikimbilie kununua kompyuta mpya, mara nyingi mchawi ni draiva, ile programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa kama kadi ya sauti au waifai. Shusha LatencyMon, programu ya kukuonyesha draiva inayochelewesha sauti, ipo ya bure, iwashe uiache dakika kama kumi huku unapiga muziki, kisha ingia sehemu ya Drivers uangalie draiva gani inashika CPU muda mrefu zaidi. Ukikuta ndis.sys iko juu hayo ni mambo ya netiweki, zima waifai usikilize, mikwaruzo ikiisha basi kachukue draiva mpya kwenye tovuti ya watengenezaji wa laptop yako, hizi programu za "kuapdeti draiva zote" achana nazo kabisa.

Wa kurekodi tumieni draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha sana) ya kadi yenu ya sauti, kama haina weka ASIO4ALL, ambayo ni ya jumla. Alafu bafa, ile akiba ya sauti kompyuta inayokusanya kabla ya kuitoa: sampuli (vipande vidogo vya sauti) 256 kwa 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 5 na kitu, 1024 inafika 21, hapo muimbaji lazima alalamike. Ukimiksi pandisha tu bafa, hakuna anayeimba saa hiyo.