Kuandaa onyesho la kinanda cha mabomba katika kanisa la kale wakati wa mapumziko ya mchana

Msikilizaji wa mchana ana saa moja tu ya mapumziko, na ndani yake kuna kutembea kuja, kutembea kurudi na kula. Ratiba yote ianzie hapo. Anza saa saba na dakika kumi, maliza saa saba na dakika hamsini. Zile dakika kumi za mwanzo zinamwokoa aliyetoka kazini saa saba kamili.

Makanisa mengi ya kale yana saa mnarani, nayo hugonga kila robo. Usipomwambia mtunza kanisa azuie nyundo, itagonga saa saba na robo, saa saba na nusu, na tena saa nane kasororobo, kila mara juu ya sehemu ya muziki iliyo kimya kuliko zote. Mwulize pia kama siku hiyo kuna mazishi au harusi. Mazishi hayapangwi mwezi mmoja kabla, kwa hiyo uliza tena siku mbili kabla ya onyesho.

Kuchagua muziki

Dakika 40 za onyesho si dakika 40 za muziki. Toa mbili za kukaribisha watu, toa nne za makofi na za kupanga sauti kati ya kipande na kipande. Unabaki na 34. Toccata na Fugue ya Bach (BWV 565 katika orodha ya kazi zake) huchukua kama dakika 9. Toccata ya Widor, ile inayofunga simfonia yake ya tano ya kinanda, huchukua kama 6. Hizo mbili tu zimekula karibu nusu ya muda, na zote ni za kishindo. Usizifuatanishe. Kinanda kikubwa kikipigwa kwa nguvu zake zote dakika kumi na tano bila kupumzika, sikio huacha kusikia ukubwa wake. Weka katikati kitu cha filimbi moja au mbili, cha polepole, ndipo kishindo cha mwisho kiwe kishindo kweli.

Kwenye karatasi ya ratiba andika saa ambayo kila kipande kinaanza. Mtu wa kuondoka saa saba na nusu atajua akae pembeni na atoke wakati wa makofi. Maelezo marefu ya maisha ya mtunzi hayamsaidii.

Joto ndilo adui

Sauti ya bomba hufuata joto la hewa iliyomo ndani yake. Mabomba ya mluzi, ambayo ndiyo mengi, hupanda kama senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi (senti 100 ni nusu toni). Kanisa likipata joto nyuzi 10 zaidi, hayo yamepanda karibu theluthi ya nusu toni. Yangepanda mabomba yote pamoja, msikilizaji asingejua. Tatizo ni mabomba ya ulimi, yale yenye sauti kama tarumbeta: ulimi wake wa shaba haujali sana joto, hubaki karibu pale pale. Matokeo yake ni tarumbeta inayosikika imeshuka, ingawa yenyewe haijasogea.

Kwa hiyo fundi anayekuja asubuhi ya onyesho asihangaike na kinanda kizima. Aguse mabomba ya ulimi tu, ayafuatishe yale mengine, tena kanisa likiwa na joto lile lile litakalokuwepo mchana. Kipimajoto kikae ndani ya kabati la kinanda, si mlangoni. Hita ikiwashwa saa sita ili wageni wasione baridi, kazi yote ya fundi imepotea. Akiwa kazini kusiwe na mtu wa kufagia wala kuburuta mabenchi, maana anasikiliza mapigo madogo kati ya sauti mbili, na kelele ya kiti humrudisha mwanzo.

Washa mota ya upepo nusu saa kabla. Mara nyingi mota iko chumba cha chini chenye hewa ya baridi, na hewa hiyo ndiyo inayoingia kwenye mabomba. Heri itulie kabla watu hawajaketi.

Mazoezi

Mpe mpiga kinanda mgeni muda wa saa tatu peke yake ndani ya kanisa, ikiwezekana siku iliyotangulia. Hakuna vinanda viwili vinavyofanana, na sehemu kubwa ya muda huo itaishia kwenye kuchagua stopu (vivutio vinavyofungulia safu ya mabomba ya sauti fulani) na kuzihifadhi kwenye vitufe vya kumbukumbu. Mtengee ngazi yake ya kumbukumbu, yaani nafasi yake peke yake ya kuhifadhi, uiandike kwenye karatasi na kuibandika, la sivyo mpigaji wa Jumapili atahifadhi za kwake juu yake.

Mtu mwenye sikio akae benchi la tatu, kisha la mwisho. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mabomba yakiwa mita 34 kutoka anapoketi mpigaji, anachosikia kimechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Afuate vidole vyake, asingoje masikio. Kanisa tupu pia hurefusha mwangwi. Watu wakijaa utapungua, na mwendo uliokuwa na vurugu asubuhi utasikika vizuri mchana.

Noti ikinasa

Hili litatokea siku moja: kidole kimetoka, noti inaendelea kulia. Mara nyingi ni kipande cha uchafu kilichozuia vali kufunga, au mbao iliyovimba kwa unyevu. Kwanza piga kitufe cha noti hiyo mara tano sita haraka. Uchafu mwepesi hutoka wenyewe. Ikiendelea, rudisha stopu moja moja. Sauti ikikatika kwa stopu fulani, piga bila hiyo. Ikiwa kila stopu ya kibao hicho (safu ya vitufe vya kupigia) inalia kwenye noti ile ile, vali yake imebaki wazi, basi hamia kibao kingine. La mwisho ni kuzima mota, kungoja mivukuto ishuke kabisa, na kuwasha upya.

Usimruhusu mtu apande kuchomoa bomba kama si fundi. Madini yake ni bati na risasi, laini kiasi cha kubonyea kwa kidole, na joto la mkono pekee hubadilisha sauti.

Watu waone nini

Mpigaji akiwa roshanini, wasikilizaji wanatazama madhabahu tupu kwa dakika arobaini. Kamera mbili, moja ya mikono na moja ya miguu, na skrini mbele, hubadilisha onyesho lote. Miguu ndiyo inayowashangaza wengi. Tumia waya; picha ya mtandao huchelewa na mikono haitalingana na sauti. Waelekeze watu wakae katikati ya kanisa, si chini ya roshani, ambako sauti hupita juu ya vichwa vyao.

Mlangoni asimame mtu mmoja, awashikilie waliochelewa hadi makofi. Bawaba atie mafuta siku moja kabla. Kapu la sadaka likae mlango wa kutokea, pakiwa na mtu karibu.

Wakishaondoka, mpigaji aache luva za sanduku la sauti (vibao vya mbele vya kabati la mabomba vinavyofunguka na kufunga ili kukuza au kupunguza sauti) zikiwa wazi, ili mabomba ya ndani yapate joto moja na kanisa. Zima mota, kisha andika kwenye daftari la kinanda noti iliyosumbua, stopu yake na kipimajoto kilisoma ngapi. Fundi ataanzia hapo.