Kupunguza makelele ndani ya gari kwa pesa kidogo: ununue nini, uache nini

Ile raba nyeusi yenye mgongo wa alumini, ambayo kila mtu anaiulizia, haizuii kelele kupita. Kazi yake ni kulituliza bati lisitetemeke, basi. Nalisema hili mapema kwa sababu nawaona watu wanaivika gari zima, kuanzia sakafu hadi paa, pesa inaisha, halafu wanashangaa upepo bado unapiga mluzi mlangoni na matairi bado yanavuma njia nzima hadi mji wa Likasi. Mwenye mfuko mwembamba anunue aina mbili au tatu, kidogo kidogo, huku akijua kila moja inakwenda wapi.

Naandikia magari tuliyo nayo hapa Lubumbashi: Toyota za usukani wa kulia, zimeingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa zikiwa na umri tayari, mipira ya milango imekauka, na mchana kutwa zinakaa juani.

Hatua ya 1: Ijue kelele yako

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, nenda mwendo mmoja, tuseme kilomita 80 kwa saa. Vioo juu, feni na redio vizimwe, na abiria anyamaze. Mngurumo unaopanda na kushuka pamoja na injini, hata gari likiwa limesimama, ni wa injini au ekzosi. Mvumo mzito unaobadilika papo hapo barabara inapobadilika ni wa matairi. Mluzi unaoanza ukishavuka mwendo fulani ni upepo. Vile vigongogongo vya kwenye mashimo ni plastiki na klipu zilizolegea, na dawa yake ni vipande vya kitambaa kinene au sponji nyembamba katikati ya plastiki na bati, gharama karibu na sifuri.

Weka kwenye simu programu ya kupima sauti. Namba yake si ya kuapia, ila inatosha kulinganisha kabla na baada, mradi utumie simu ileile, mahali palepale, mwendo uleule. Zikipungua desibeli 3, sikio linatambua kwa shida. Zikipungua 10, mtu anahisi kelele imekatika nusu. Fundi anayekuahidi nusu kwa kubandika milango miwili tu anakuuzia maneno.

Hatua ya 2: Fuata vumbi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na haigharimu hata franka. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Fungua ubao wa ndani wa mlango, inua kapeti, toa tairi la akiba. Utaona mistari: mmoja mwekundu pembeni ya mpira wa mlango, mwingine umezunguka tundu la waya, mwingine chini ya taa ya nyuma. Vumbi linapopita, hewa inapita, na hewa inapopita, sauti inaingia nayo.

Matundu hayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu hauwezi kukata zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungeujenga kwa madini ya risasi. Kwenye mita moja ya mraba, asilimia 1 ni tundu la sentimita 10 kwa 10. Gari kuukuu lina uwazi wa namna hiyo likijumlishwa pamoja: vizibo vya mpira vya sakafuni vimepotea, waya wa redio au alamu umepitishwa ukutani mwa injini bila raba yake.

Kwa milango, chukua noti ya franka 500, ifungie katikati ya mlango na bodi, kisha ivute polepole. Ikibana vizuri, mpira mzima. Ikitoka yenyewe, pale mpira umekufa au mlango haukai sawa. Zunguka mlango wote, hasa kona ya juu nyuma, na uweke alama ya chaki. Kabla ya kununua mpira mwingine, legeza kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kufuli linakishika, kisogeze ndani kidogo tu, kaza, jaribu noti tena. Mara nyingi hapo mluzi unakwisha. Ikishindikana, tafuta mpira mzima wa gari la aina hiyohiyo kwa wauza vipuri vya magari yaliyovunjwa. Mpira wa mita unaouzwa kwa jumla una umbo lake, na mlango wako una lingine.

Pitia pia upepo wa matairi, matairi yaliyoliwa upande mmoja, beringi za magurudumu na maungio ya ekzosi. Beringi iliyokufa haisikii raba ya aina yoyote.

Hatua ya 3: Tenganisha kazi tatu

Ya kwanza ni kutuliza bati. Ukiweka kiganja juu ya ngoma inayolia, mlio unakatika. Raba ya alumini inafanya hivyo kwa bati. Ya pili ni kuzuia sauti inayosafiri hewani, na hapo kinachofanya kazi ni uzito pamoja na kuziba bila pengo: kila ukizidisha uzito wa kizuizi mara mbili unapata desibeli 6 hivi zaidi. Ya tatu ni kunywa sauti inayorukaruka ndani, kazi ya sponji iliyo wazi, manyoya au kitambaa kinene.

Kifaa cha kazi moja hakifanyi ya pili. Sponji ya sentimita 1 inapunguza sauti nyembamba kidogo, lakini mvumo wa matairi unaipita kama haipo, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu mno kwa unene ule.

Hatua ya 4: Chagua raba ya kutuliza bati

Sokoni kuna mbili zinazofanana kwa macho: ya butili, yaani mpira wa kutengenezwa unaonata, na ya lami. Muuzaji ataziita zote jina moja. Tofauti ni joto. Bati lililopigwa na jua la Oktoba linaweza kuvuka 70°C, na lami inaanza kulainika kabla ya hapo. Ndiyo maana zile karatasi za lami zenye alumini, za kuzibia mapaa ya nyumba, zinaanguka ndani ya mlango baada ya muda, zinaziba njia ya maji, na gari zima linanuka barabara mpya.

Omba kipande kidogo kabla ya kulipa. Kinuse kwanza: harufu ya lami haijifichi. Kisha kivute: butili inanyooka kwa nyuzi ndefu zinazonata, lami ikiwa baridi inakatika fupi. Jaribio linalomaliza ubishi ni la jua. Bandika kipande kwenye bati, lisimamishe wima juani kuanzia asubuhi hadi alasiri, chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa juu. Kikiteremka hata milimita chache, au weusi ukichuruzika, mrudishie mwenyewe.

Halafu tazama alumini. Si pambo. Bati likipinda kwa mtetemo, raba inaminywa na kuvutwa katikati ya bati na alumini, na mtetemo unageuka joto. Alumini ikiwa nyembamba mno inafuata tu raba inakokwenda, na kazi haifanyiki. Unene mzuri ni milimita 0.1, nyingi za bei ya chini ni karibu nusu yake. Ikandamize kwa ukucha: ikichanika mara moja, unajua.

Mwisho, mzani. Karatasi ya butili ya sentimita 50 kwa 80, unene milimita 2, inapaswa kuwa na kilo moja na kitu. Ikiwa nusu kilo, unene ulioandikwa kwenye boksi si wa kweli. Ila uzito peke yake usikudanganye, kwa maana unga wa chokaa unaochanganywa humo nao ni mzito; ndiyo sababu jua linatangulia mzani.

Sitaki kuionea lami. Viwanda vyenyewe huweka mabamba ya lami sakafuni, yakayeyuka na kushika ndani ya tanuri la rangi. Kama pesa imebana kabisa, iweke kwenye sakafu ya bapa, mbali na mfereji wa ekzosi. Mlangoni na kwenye paa, hapana.

Hatua ya 5: Chagua sponji

Sponji ya godoro ni rahisi kuliko zote na ndiyo nisiyoitaka kabisa. Inakunywa maji, na kuanzia Novemba mvua zikifunguka, bati lililo chini yake linaoza kimyakimya. Ya kulaza kwenye bati, hata kama hainywi sauti kama ile iliyo wazi, unataka sponji ya vitundu vilivyofungwa, kama ile ya mikeka ya mazoezi. Tumbukiza kipande ndani ya ndoo, kiminye ukiwa umekizamisha, kitoe, kiminye tena. Kikitoa maji, si chenyewe.

Jaribu na moto pia, nje, mbali na gari na petroli. Washa kona ya kipande kwa kiberiti kisha ondoa kiberiti. Kinachojizima kinafaa. Kinachoendelea kuwaka huku kikidondosha matone ya moto hakiingii kwenye gari la mtu mwenye watoto. Povu la kopo linalovimba, lile la mafundi wa madirisha, nalo liache: linanasa maji ndani ya nguzo na siku ya kunyoosha bodi litakusumbua.

Hatua ya 6: Kizuizi kizito, ukiweza

Vinili nzito ya kazi hii ina kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, na bei yake ni chungu. Mpira wa sakafu wa milimita 4 unakaribia uzito huo. Watu hapa hupenda kutumia mikanda mizee ya migodini ya kubebea mawe. Ni migumu, minene kupita kiasi, na mingine imenyonya mafuta. Kapeti halitakaa tena. Mpira wowote utakaotumia, ulaze juu ya sponji, usiugandishe kwenye bati, na uguse ukuta hadi ukuta bila pengo. Sehemu ya kwanza ni miguuni mwa dereva na abiria, kuelekea injini.

Hatua ya 7: Gawa pesa

Huhitaji kufunika bati lote. Robo ya eneo, katikati ya bati pale linapolia zaidi, inaleta sehemu kubwa ya faida. Gonga kwa kidole kilichokunjwa: panapolia “ting” panahitaji raba, panapojibu “tup” paache. Bati la nje la mlango wa gari dogo halifiki mita moja ya mraba, kwa hiyo milango minne inatosheka na mita 1 ya mraba hivi. Weka mita nyingine 1 kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na sakafu ya buti, mahali ambapo magari haya yanavuma kuliko kokote. Jumla mita 2, ni karatasi tano za sentimita 50 kwa 80, kilo sita au saba. Unapolinganisha bei, gawanya kwa mita za mraba, usiangalie idadi ya karatasi ndani ya boksi.

Kama pesa inatosha sehemu moja tu, anza na matao ya nyuma. Paa ni la mwisho, isipokuwa mvua ndiyo inayokukera.

Hatua ya 8: Kubandika

Kabla ya kutoa viti, chomoa waya hasi wa betri usubiri dakika kadhaa. Soketi za manjano chini ya kiti ni za mifuko ya hewa ya usalama. Hazichezewi zikiwa na umeme.

Osha vumbi kwa maji ya sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti milango yote ikiwa wazi. Usitumie petroli. Kutu iliyopo ikwanguliwe na kupakwa rangi kwanza, maana ukiifunika itaendelea kula. Asubuhi za Juni na Julai raba inakuwa ngumu. Iache juani ilainike ndipo uitoe karatasi yake. Anza ukingo mmoja, shusha polepole, kisha sukuma kwa rola hadi michoro ya alumini ilale bapa. Kiganja hakitoshi, na panapobaki hewa hapafanyi kazi.

Mlangoni, shusha kioo na ukipandishe kabla ya kuongeza unene wowote, uone kinapita wapi. Vitundu vya chini vya kutolea maji visiguswe, na ile nailoni ya ndani irudi mahali pake ikiwa imebana pande zote. Kisha mwaga kikombe cha maji kwenye ufa wa kioo kutoka nje. Yatoke chini ya mlango. Yakitokea ndani, fungua upya sasa hivi, kabla hujarudisha ubao.

Kaza boliti za viti hadi kiwango chake, rudisha soketi za manjano, ndipo uunganishe betri. Taa ya mifuko ya hewa ikibaki inawaka baada ya kuwasha gari, chomoa betri tena, subiri, urudi chini ya kiti.